Dada Aliyenisimamisha Barabarani

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa kwanza wa seremala na mkunga. Mimi ninayewasomea wasifu huu ni mdogo wake wa pekee.

Alimaliza sekondari mwaka 1987. Mwalimu mkuu aliandika kwenye ripoti yake: "Mbishi, ila mkweli." Mwaka 1990 alihitimu chuo cha polisi, akapangiwa usalama barabarani.

Mwaka 1996 aliolewa na fundi cherehani. Vipimo vya mate vya kugundua dawa za kulevya vilipoletwa, 2011, alivifanyia mazoezi nyumbani kwa kijiti cha pamba. Shemeji akalalamika: "Wenzangu wakirudi wanapewa pole na kazi. Mimi naambiwa toa ulimi!" Madereva nao wakambandika jina la Mama Ulimi, naye akaitika.

Tarehe 9 Juni 2014, saa nne asubuhi, alisimamisha basi lililojaa abiria. Dereva nilikuwa mimi. Nikamnong'oneza, "Dada, sisi tumbo moja. Niachie." Akajibu, "Hao nyuma yako nao wana ndugu zao. Fungua mdomo." Kipimo kilionyesha bangi, damu ikathibitisha hospitalini, leseni ikaenda.

Nyumbani nilisema nilikunywa dawa ya kikohozi tu, na kwamba dada amenichongea ili apandishwe cheo. Mkaniamini. Miaka tisa shangazi zetu hawakukanyaga kwake. Karatasi ya damu ilikuwa ofisini kwake, lakini majibu ya dereva hayatolewi nje, hata kwa mama mzazi. Akanyamaza. Mimi nikafaidi ukimya wake, na inaniuma.

Alianza kuugua figo Februari 2022. Wodini nilimwahidi kwamba nitasema ukweli. Akacheka: "Sema basi, ila usingoje niwe sisikii." Nikangoja. Alifariki Jumanne, tarehe 5 Septemba 2023, saa tatu asubuhi.

Jana kikao cha familia kiliagiza habari za basi ziondolewe, eti tusianike ya ndani. Nimekataa, na mchapaji nimemwambia asiguse hata neno moja. Anayetaka kununa, aninunie mimi.

Ameacha mama, mume, mabinti wawili na mimi. Shangazi zangu, kabla ya udongo, mwombeni radhi kwa sauti, watu wasikie. Mimi naanza: Dada, nilivuta. Hukunionea. Nisamehe, upumzike kwa amani.