Kiboksi Kilichounguza Spika

Njambi, jirani yangu anayesuka nywele Kenyatta Market, ndiye aliyeniambia kwanza. Alikuja Ijumaa jioni, na kabla hajaweka mkoba chini akasema kwamba kijiweni wanamjadili mume wangu, Kaindi. Wanasema kiboksi anachokikanyaga akipiga gitaa kimeunguza spika ya kanisa Jumapili iliyopita. Kiboksi kimefungiwa kabatini, na Jumapili Kaindi hatapanda jukwaani tena. Nilimuuliza kama Kaindi amejitetea.

"Wanamuuliza fundi aliyekitengeneza ni nani," Njambi akasema. "Ananyamaza tu."

Fundi ni mimi.

Kabla ya kuolewa nilifanya kazi miaka minne kwa Mzee Abdalla, katika kibanda chake cha kutengeneza redio Luthuli Avenue. Kwa hiyo Kaindi alipotamani gitaa lake litoe sauti yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyeimba mpaka koo likakauka, nilimtengenezea jikoni kwetu. Niliweka transista moja, daiodi mbili za kukata vichwa vya sauti ili ikwaruze, na betri ndogo ya mraba. Nikavitia vyote ndani ya boksi la chuma la swichi ya ukutani, lile ambalo mafundi hulifukia kwenye simiti, kwa sababu haliogopi kiatu. Nikamwomba asimwambie mtu, maana sipendi kutazamwa. Akaahidi. Sasa ahadi hiyo ndiyo ilikuwa inamnyang'anya gitaa.

Nikambeba mtoto, nikaenda.

Benchi la kijiwe liko mtaa wa Satellite, mbele ya kinyozi, likitazamana na kanisa letu la mabati ng'ambo ya barabara. Abdulrauf huuza hapo kahawa ya tangawizi, na wenye benchi ni watatu, kila mmoja na jina lake la utani. Stima ni Mwaura. Aliwahi kuchimba mashimo ya nguzo za umeme kwa miezi miwili, na tangu hapo kila kitu chenye waya ni chake. Wakili ni Ndegwa, anayepeleka barua katika ofisi ya mawakili kule Hurlingham. Kamati ni Mama Rael, anayeshika ufunguo wa kanisa. Niliketi kwenye ngazi ya kinyozi, nikingoja wanyamaze ili niseme. Hawakunyamaza.

— Hiyo boksi naijua, Stima alikuwa akisema. Ni ya swichi. Boksi ya swichi kazi yake ni kukaa kwa ukuta. Ukiitoa kwa ukuta, inatafuta ukuta. Ndio maana ilivuta stima yote ya kanisa.

— Na ile betri iko ndani? Kamati aliuliza.

— Hiyo ni ya kudanganya macho.

Wakili aliona maelezo hayo ni madogo mno. Kwa maoni yake, Kaindi alitumwa na kanisa la kule chini ya barabara, ambalo limetuonea wivu tangu tushinde mashindano ya kwaya. Kiboksi kinanyonya sauti za waimbaji wetu na kwenda kuzimwaga kule.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema. Jumapili moja anabeba soprano, ingine anabeba besi. Mtashtuka kwaya imeisha.

Stima hakutaka kushindwa. Akaeleza jinsi umeme wenye hasira ulivyorudi kinyumenyume kwenye nguzo, ukapanda hadi kwenye transfoma, na kwamba giza la Jumatatu huko Kawangware lilitokana na wimbo mmoja wa Kaindi. Wakili alitikisa kichwa kama hakimu.

— Na mbona hataki kusema fundi ni nani? Mficha uchi hazai. Na huyu ana mtoto. Kwa hivyo hapo kuna kitu.

Wote wakageuka kumtazama mtoto wangu kana kwamba ni ushahidi. Mimi hakuna aliyenitazama. Nilifungua kinywa, nikasema, "Hicho kiboksi..." Stima akainua mkono, macho yake yakiwa yameshamgeukia Wakili.

— Pole pole, mama mtoto. Hii ni mambo ya ufundi.

Nilikuwa nimechomelea waya za redio mia kabla huyu hajajua plagi ina miguu mingapi. Hasira ilinipanda mpaka mtoto akaisikia mapajani mwangu, akaanza kuhangaika. Lakini maneno hayakutoka. Niliwachukia wote watatu, na mimi mwenyewe nikajichukia zaidi, kwa sababu mume wangu alikuwa akitukanwa kwa kunitunzia siri.

Kamati naye alikuwa amekasirika, lakini hasira yake ilikuwa ya kweli.

— Mimi nilisikia na masikio yangu. Alipokanyaga hiyo kitu, spika ikalia kama imepasuka. Nikaizima mimi mwenyewe. Tuliiombea miaka miwili, hiyo spika.

Sahar, mpwa wa Abdulrauf, alikuwa akisuuza vikombe. Alifika kutoka Mombasa wiki hiyo, na hakuwa bado ameambiwa nani huulizwa na nani haulizwi.

— Samahani, mama, alisema. Mlipokitoa hicho kiboksi, mkaiwasha tena spika, ililiaje?

Stima alimtazama Wakili. Wakili akatazama ndani ya kikombe chake. Kamati alishika ufunguo uliokuwa shingoni mwake, akaushika tu.

Hakuna aliyekuwa ameiwasha. Siku tano walikuwa wakizika maiti ambayo hakuna aliyeipima mapigo ya moyo. Kiboksi nilikitengeneza kitoe sauti ya spika iliyopasuka pasipo kupasua chochote. Kilifanya kazi yake vizuri mno.

— Kahawa imeisha, Abdulrauf akasema, ingawa birika lilikuwa bado linafuka moshi.

Nyumbani nilimwambia Kaindi kwamba ahadi yake nimemrudishia, asinitunzie siri tena.

Asubuhi yake nilimfunga mtoto mgongoni, nikagonga mlango wa Kamati kabla hajanywa chai. Nikamwambia anifungulie kanisa. Alinitazama mara mbili, kisha akavaa viatu. Niliiwasha spika, nikachomeka maikrofoni, nikafungua mlango wa mbele wazi kabisa. Ng'ambo ya barabara Stima na Wakili walikuwa wameshaketi na vikombe vyao. Hotuba niliyoiandaa usiku ikanitoroka yote, nikabaki na hasira peke yake, na hasira ina maneno machache.

"Mimi ni Debra, mke wa Kaindi. Kile kiboksi nilikitengeneza mimi. Sikilizeni wenyewe kama hii spika imeungua."

Sauti yangu ilivuka barabara bila mkwaruzo, vikombe vikasimama hewani. Mtoto alikuwa akilia tangu nilipomkataza kuchezea waya wa maikrofoni. Nikamshusha mgongoni, nikamwekea maikrofoni mdomoni, nikamwacha alie mpaka amalize.