Mwongeli na Nyumba za Watu Wawili

Mheshimiwa Chifu, Mkurugenzi wetu, Mchungaji, wazee wa mtaa, wafanyakazi wenzangu, na wewe Bi. Mwongeli tunayekuaga leo baada ya miaka thelathini ya kazi: hamjambo?

Mimi ni Kimotho, mzaliwa wa Riruta. Februari mwaka huu, vita vya uchaguzi vikiwa havijapoa, shirika letu lilitakiwa kukadiria idadi ya watu katika kila kijiji cha Kibera na Kawangware, ili wagawiwe unga. Hatungeweza kubisha kila mlango. Tuliuliza nyumba chache kila kijiji, kisha tukajaza mapengo kwa kutazama vijiji jirani.

Kijiji kimoja nyuma ya Soko la Toi, Kibera, kikatoa jibu la ajabu: watu wawili kila nyumba. Vijiji jirani, watano. Nikasema, "Wengine wamehama. Andika wawili, twende."

Mwongeli akanitazama. "Wamehama, ama wanafichwa?"

Ndugu zangu, nani kati yetu angeuliza hivyo? Sote tulijua kwamba ukiuliza watu wachache unaweza kukosea kwa bahati mbaya. Yeye alitafuta kosa lililo ndani ya jibu lenyewe, ambalo hata ukiuliza watu elfu moja halipungui.

Akarudi kwenye nyumba zilezile, mikono mitupu, bila karatasi wala kalamu. Kwa Mama Nasambu, aliyekuwa ametuambia wako wawili, akauliza, "Mama, siku hizi unasonga ugali wa watu wangapi?"

"Saba," akajibu, halafu akaziba mdomo. Ndani walikuwa majirani watano waliochomewa nyumba. "Mlikuja na karatasi," akasema. "Huku, wenye karatasi walitangulia, moto ukafuata. Ningewaambia nini?"

Mwongeli hakuandika jina la mtu. Alilinganisha majibu ya kwanza na ya pili, akapima hofu imepunguza hesabu kwa kiasi gani, akasahihisha hata hesabu za vijiji vya Kawangware vilivyojibu vivyo hivyo na ambavyo hatungeweza kuvirudia. Na pale alipobaki na shaka, aliandika shaka yake wazi.

Unga uliongezwa zaidi ya maradufu. Kwa hesabu yangu, watu wale wangelala njaa, nami ningelala usingizi mzuri. Bi. Mwongeli, sijawahi kukuomba msamaha mbele ya watu. Naomba leo.

Jumatatu utakuwa nyumbani Machakos, nami nitakalia kiti chako. Ukiona takwimu zangu gazetini, nipigie simu uniulize nimejuaje.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Asanteni sana.