Risala ya Wazee Mashahidi Kuhusu Uhamisho wa Bi Nelima

Mgeni rasmi, Bi Nafisa, Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti. Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi: kabla hata ya salamu, tunaapa mbele ya padri na shehe walioketi hapo kwamba yote tutakayosoma ni kweli tupu. Hata yale yanayofanana na uongo.

KARIBU

Karibu Shule ya Upili ya Namalekho. Tunajua barabara ya kutoka Misikhu imekupepeta kama maharagwe kwenye ungo. Pole. Sisi ni wazee kumi na wanne ambao wanafunzi wa historia huja kutuhoji nyumbani. Katibu wetu, Mzee Wabwile, ambaye ni huyu anayesoma, alikuwa mtunza stoo hapa miaka thelathini na mmoja. Kusoma alijifunzia kwenye magunia ya mbolea.

TULIKOTOKA

Miaka saba iliyopita, kipindi cha historia kilikuwa cha kusinzia. Wastani wetu katika mtihani wa kitaifa ulikuwa alama tatu na kidogo kati ya kumi na mbili. Ndipo Bi Nelima akafanywa mkuu wa idara. Hakuleta kiboko. Alikataza neno "inasemekana": kila habari iwe na mashahidi wawili wasiolala nyumba moja. Mtihani nao, kila mwalimu asahihishe swali moja tu kwa madarasa yote, asipendelee darasa lake. Walinung'unika. Bwana Shafi, naibu wake, alilalamika, "Madam, swali la tatu nimelisoma mara mia mbili. Sasa naliota."

"Basi sasa unajua wanakosea wapi," akamjibu. "Kesho ukawafundishe hapo."

MAFANIKIO

Mwaka jana wastani ulifika nane nukta sita. Hata sisi tumefaulu, maana uongo umetupungua. Mzee Wabwile alizoea kusimulia jinsi yeye na mafahali wawili walivyolisukuma garimoshi kutoka Webuye hadi Bungoma. Phelista wa kidato cha pili aliandika yote, kisha akauliza, "Kuka, si mwaka huo ulikuwa hujazaliwa?"

"Mjukuu wangu, mimi nilizaliwa nikiwa mkubwa."

Phelista akachukua rula, akapiga mstari wa kuikata habari yote.

CHANGAMOTO

Paa linavuja, na kitabu kimoja husomwa na watano. Hayo tumezoea. Kilichotukosesha usingizi ni barua ya wiki jana: Bi Nelima anahamia shule moja ya Kitale. Mkuu wa idara ya hesabu alipoondoka, nafasi yake ilikaa wazi mihula mitano. Matokeo ya hesabu unayo mezani pako. Hatutakuaibisha kwa kuyasoma.

MAOMBI

Katibu wetu alikuwa ameandika hapa: "Bi Nelima ametuambia, huku akilia, kwamba hataki kwenda." Leo asubuhi tulimpa Bi Nelima risala hii aipitie. Alisoma akicheka mpaka mstari huo. Kalamu akaiweka chini.

"Mzee Wabwile, nililia lini?"

"Ulilia moyoni, madam. Mimi niliona."

"Na shahidi wa pili?"

Katibu akaanza kukunja karatasi.

"Uhamisho niliuomba mwenyewe," akasema taratibu. "Mama yangu yuko Tuwan, huko huko Kitale, macho yamezima. Kwenda msalani anapapasa ukuta. Mngetaka nifanye nini?"

Hakuna mzee aliyeinua uso. Mwishowe Sifuna, mmoja wetu, akauliza, "Sasa bana, tuombe nini?"

"Ombeni kweli."

Basi, mgeni rasmi, mwache aende kwa mamake. Lakini Bwana Shafi athibitishwe kuwa mkuu wa idara kabla Bi Nelima hajafunga mizigo, na mwalimu wa kushika vipindi vyake aje muhula huu. Usituambie "tutaangalia". Tupe tarehe.

HITIMISHO

Kwa machozi aliyoyatunga, Mzee Wabwile tumemtoza jogoo. Amelipa. Jogoo yumo kikapuni chini ya meza yako, akudonoapo usishtuke. Ni supu ya mama wa Tuwan. Katibu alikuwa ameandika kwamba jogoo huyu aliwahi kumfukuza fisi. Hilo tumelikata.

Mungu akurudishe salama, na kalamu yako iwe nyepesi.

Ni sisi,
Wazee Mashahidi wa Idara ya Historia, Namalekho.