Mzee Onesmo Maganga na Dakika Hamsini za Geita

Tunayemsindikiza leo hapa Ibadakuli, Alhamisi tarehe 22 Novemba 1956, ni Mzee Onesmo Maganga. Alizaliwa Ushirombo tarehe 14 Februari 1904, mtoto wa tatu wa Mzee Maganga na Mama Anisia.

Alisoma shule ya misheni hapo Ushirombo kwa miaka minne. Inasemekana saa ya ukutani ya mapadri aliisoma kabla hajasoma kitabu chochote. Tarehe 6 Juni 1927 alifunga ndoa na Paskalia, ambaye sote tunamwita Mama Salvina.

Mwaka 1938 alitembea kwa miguu kutoka Shinyanga hadi Geita kutafuta kazi mgodini. Alitembea siku tano, akarudi na malengelenge bila kazi. Mwaka 1946 akaajiriwa kutunza uwanja wa ndege wa Shinyanga, hapa Ibadakuli. Alikuwa akiswaga ng'ombe watoke uwanjani, kisha anawasha moto wa majani mabichi ili rubani aone upepo unavumia wapi. Bila moshi ndege haikutua. Hapo ndipo alipojua kuwa Geita kwa ndege ni maili tisini na nane, dakika hamsini, na tangu hapo hatukupumzika na hesabu hiyo. Ukimwuliza kama Geita ni mbali, anakuuliza, "Mbali kwa nani?" Yeye mwenyewe hakupanda ndege hata siku moja.

Binti yake Salvina alipoolewa Geita mwaka 1951, alilia sana siku ya kuondoka. Mzee akamwambia, "Unalia nini, mama? Ni dakika hamsini tu." Binti akapanda lori, akafika siku ya pili, na kwa miaka mitano alirudi kusalimia mara mbili tu. Mzee aliumia. Kila Jumanne na Ijumaa ndege ya Geita ikishaondoka alibaki uwanjani na saa yake mkononi mpaka dakika hamsini ziishe.

Mwanzoni mwa mwezi huu alishikwa na homa ya mapafu. Ijumaa iliyopita alijikokota akawasha moshi, akamwomba rubani: "Niletee Salvina. Lori halitaniwahi." Rubani akakubali.

Juzi Jumanne ndege ilipofika, majirani wote, msomaji wa wasifu huu akiwemo, tulikuwa tumemzunguka mgonjwa kwa huruma nyumbani kwake, kando ya uwanja, na ng'ombe wamejaa uwanjani. Ndege ikazunguka, ikazunguka tena. Mzee akafumbua macho.

"Nani kawasha moshi?"

Tukatazamana kwa aibu. Mama Salvina akachota makaa jikoni kwa kigae, akakimbia nayo. Sisi tukawakimbilia ng'ombe. Rubani alikuwa ameshageuza kurudi Geita moshi ulipopanda.

Salvina aliingia akapiga magoti. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Dakika sitini na tatu," alisema Mzee, saa ikiwa kifuani. "Mlikuwa mnazurura wapi?"

Salvina alicheka huku analia. Hakuuachia mkono wa baba yake mpaka alipofariki jana Jumatano, saa mbili asubuhi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, Salvina, Stanslaus na Anatoli, pamoja na wajukuu wanne. Kesho ni Ijumaa, na Salvina anarudi kwa wanawe kwa ndege. Mama Salvina ameomba moshi auwashe yeye, na saa ya Mzee atakuwa nayo mkononi.

Bwana ampokee Onesmo wetu, ampe pumziko lenye amani.