Yunuke Nyakerario, Aliyetazama Kila Filamu Mara Mbili

Siku ya Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa kumi alasiri, marehemu Yunuke Nyakerario Machogu alikuwa ameketi kitandani nyumbani kwake Marani, mito miwili mgongoni na kompyuta ya binti yake mapajani, akimaliza kutazama filamu ya Kihindi ya ndugu wawili waliotenganishwa na mafuriko, filamu aliyoiona mara ya kwanza mwaka 1991, na kwa kuwa mkono wake haukuweza tena kushika kalamu, alimwita mumewe, Mwalimu Machogu Onyiego, aje kuandika.

Alisema, "Karani, leta daftari la tisa, ukurasa wa mafuriko," naye mumewe akamsomea yaliyoandikwa humo mwaka 1991, kwamba filamu ni ndefu kama msimu wa palizi lakini mtazamaji alilia mara tatu, tisa juu ya kumi. Marehemu alifikiri kidogo, akasema, "Wakati huo nilikuwa na watoto wadogo, ningelilia hata tangazo la sabuni. Andika sita. Andika pia kwamba mama yao alijua tangu mwanzo walipo, akanyamaza ili nyimbo zipate nafasi." Mumewe aliandika, akauliza kama aweke tarehe, akajibiwa kwamba karani asiyeweka tarehe ni karani wa nini. Kisha aliomba uji wa wimbi, uwe mwepesi. Uji ulipofika alikuwa amelala, na filamu ilikuwa imerudi mwanzo yenyewe. Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni alikuwa ametutoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Sironga, Nyamira, mtoto wa nne kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Ogeto na marehemu Mama Sabina Bitutu, ambao kitindamimba wao ni Nyasani, anayewasomea historia hii. Alianza darasa la kwanza Januari 1964, na ilikuwa mwaka 1966, akiwa na miaka tisa, gari la sinema la serikali lilipokuja Nyamira kuonyesha jinsi ya kunyunyizia kahawa dawa, na baada ya kahawa likaonyesha filamu ya Kimarekani ya wapanda farasi. Mbele ya shuka jeupe palikuwa pamejaa watu wazima, kwa hiyo yeye na watoto wengine walitazama kutoka nyuma ya shuka, maandishi yakisomeka kinyume, na akarudi nyumbani akiwa na hakika kwamba shujaa wa filamu ile alikuwa wa mkono wa kushoto.

Alisoma shule ya upili kuanzia 1971 hadi 1974, akaingia chuo cha ualimu Kericho mwaka 1976, akahitimu mwaka uliofuata na kuanza kufundisha shule za msingi, kwanza karibu na Nyamarambe, kisha Marani, alikostaafu mwaka 2017. Mwaka 1979 alikutana na Machogu Onyiego, ambaye alikuwa ametoka chuo kikuu na shahada ya elimu, akifundisha historia, na walifunga ndoa tarehe 13 Desemba 1981 katika kanisa la hapa kijijini, lile ambalo mabati yake mnayaona kutoka mlipoketi. Walijaliwa watoto wawili, Linda mwaka 1983 na Nyangate mwaka 1987, na wajukuu watatu.

Mwaka 1988 mambo mawili yalitokea katika nyumba hiyo. La kwanza, Mwalimu Machogu alichaguliwa kuwa karani wa kanisa, akakabidhiwa kitabu cha kumbukumbu za vikao na ufunguo wa kabati. La pili, marehemu aliikuta filamu ile ya wapanda farasi katika duka la kukodisha kanda mjini Kisii, duka la Bwana Bipin na mkewe Ramila, akaitazama kutoka mbele, miaka ishirini na miwili baadaye, na akaona kwamba shujaa hakuwa wa kushoto hata kidogo. Jioni hiyo alinunua daftari la kwanza. Aliandika, "Mwaka 1966 nilicheka farasi wanaokimbia siku tatu bila maji, nikajua mwenye filamu hajawahi kufuga hata mbuzi. Leo nimemwona mke wa sherifu, anayesema maneno manne tu filamu nzima. Nne juu ya kumi." Tangu hapo aliweka kanuni yake, kwamba hakuna filamu iliyokwisha kuhukumiwa mpaka itazamwe tena baada ya miaka kumi au zaidi, hukumu ya pili iandikwe chini ya ya kwanza, na ya kwanza isifutwe.

Kwa kanuni hiyo alijaza madaftari arobaini na moja, na hakuchagua aina wala enzi, alitazama za bubu na za rangi, za mapenzi, za vita, za mizimu na za kuchekesha. Kuhusu filamu moja ya karate aliandika kwamba mara ya kwanza alihesabu walioanguka, na mara ya pili alitafuta nani anawazika, hakumwona. Filamu ya Kinaijeria yenye mama mkwe mchawi aliipa nane alipokuwa mke wa mwana, akaishusha hadi tano alipokuwa mama mkwe, na akakiri sababu. Ramila, ambaye yuko nasi leo, alikuwa akimwita Mwalimu, na kila Ijumaa alibandika ukurasa mmoja wa marehemu mlangoni mwa duka, na wateja walikuwa wakisoma mlango kabla ya kuingia, wengine wakilalamika, "Ramila, huyu mwalimu wako anaharibu biashara," naye akiwajibu kwamba kanda ikipewa tatu na Yunuke ndiyo inayokodishwa zaidi, maana kila mtu anataka kuona ubaya wenyewe.

Ukurasa mmoja kati ya kurasa hizo ulionwa na mshiriki wa kanisa aliyekwenda mjini kununua misumari. Tarehe 9 Oktoba 1994, baraza la kanisa lilikaa, watu kumi na karani, na kwa azimio namba saba likaamua kwamba Dada Yunuke Machogu aondolewe katika ushirika kwa kutazama na kusifu maonyesho ya kidunia, na kwa jina lake kubandikwa mlangoni mwa duka la sinema. Mikono kumi iliinuliwa. Karani hapigi kura, kwa hiyo mumewe hakuinua mkono, na kwa miaka mingi alijifariji kwa hilo. Hakusema neno pia. Aliandika azimio lote kwa wino wa buluu, mistari minane, bila kufuta hata herufi moja.

Jioni hiyo marehemu aliomba kulisoma. Alilisoma akiwa amesimama karibu na meko, akarudisha kitabu, akasema, "Mmetaja filamu ya 1972. Ni ya 1974. Nawapa mbili juu ya kumi, zote mbili za mwandiko." Kisha akapakua chakula. Tangu siku hiyo hakumwita tena mumewe Baba Linda, alimwita Karani, jikoni, shambani kwenye majani chai, mbele ya wageni, bila hasira, na mumewe aliitika.

Marehemu hakuhama kanisa. Alikuja kila Sabato, akaketi benchi la mwisho, na siku za washirika kuoshana miguu kabla ya Meza ya Bwana, mara nne kwa mwaka, alitoka nje akakaa juu ya jiwe lililo kando ya tangi la maji, akiwashika watoto wachanga wa wanawake waliokuwa ndani wakioshana. Wengi wenu mlioketi hapa mlishikwa juu ya jiwe hilo. Mlango wa kurudi ulikuwa mmoja, akiri kosa mbele ya watu na abatizwe upya mtoni, naye alijibu kila alipoulizwa kwamba ubatizo wake wa kwanza bado una maji. Mwaka 2004, miaka kumi ilipotimia, alimwambia mumewe wakiwa wanakata ndizi, "Karani, muda wa kutazama tena umefika. Kitabu unacho wewe." Mumewe alijibu kwamba ni baraza pekee linaloweza kulifungua tena azimio. Hilo lilikuwa kweli. Lilikuwa kweli pia kwamba anayeandika orodha ya mambo ya kujadiliwa ni karani, na kwamba kwa miaka thelathini karani huyo hakuliandika, kwa sababu aliogopa kuulizwa alikuwa wapi mwaka 1994. Marehemu alicheka, akajitwika mkungu wake.

Kuanzia 2011 hadi 2019 alisoma hukumu zake redioni, kituo kimoja mjini Kisii, kila Jumapili saa kumi, nusu saa, kwa Ekegusii. Mwaka 2016 kanisa lilinunua projekta ili vijana wasiende kutazama filamu kwingine, na Mzee Thadeus Nyangau, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao kile cha 1994, akatuma mtu kwa marehemu kumwomba achague filamu zinazofaa. Aliandika orodha ya kumi na mbili, akaeleza kila moja inafaa umri gani, na penye busu akaweka dakika na sekunde ili mwendesha mashine azibe kwa mkono wake. Alishukuriwa kwa tangazo. Aliyesoma tangazo lile ni karani. Jina la marehemu halikutajwa, paliandikwa "dada mmoja wa hapa kijijini."

Mwezi wa Novemba 2024 marehemu alianza kushindwa kumeza chakula kigumu, na tarehe 3 Februari 2025, hospitalini mjini Kisii, iligunduliwa kuwa ana saratani ya umio. Alimwambia daktari kijana aliyemletea habari hiyo akiwa amesimama mlangoni, "Mwanangu, madaktari wa filamu ni waongo, lakini angalau wao huketi," na daktari huyo akavuta kiti, akaketi, na tangu hapo akawa anaketi kila alipopita. Alitibiwa kwa mionzi Eldoret kwa wiki sita, akarudishwa nyumbani tarehe 20 Aprili.

Tarehe 2 Machi 2025, kabla ya safari ya Eldoret, mumewe aliliandika jambo la mkewe kwenye orodha ya kikao, akalisoma kwa sauti, na akasema kwa mara ya kwanza kwamba mwaka 1994 alipaswa kuzungumza. Baraza lilimsikiliza kwa upole, likajibu kwamba dada aje mwenyewe, akiri, kisha mto upo. Marehemu wakati huo alikuwa hawezi kumeza kijiko cha maji. Alipopelekewa jibu alisema, "Waambie nimeitazama tena. Alama ni zile zile." Baada ya kifo, kikao cha Jumapili tarehe 15 Juni kiliamua kwamba aliyekwisha kufa hatubu, kwa hiyo hapokewi tena, na jeneza haliwezi kuingia kanisani, ndiyo maana tuko hapa uani, chini ya hema la kukodi. Kamati ya mazishi nayo iliomba historia hii iseme tu kwamba alikuwa mwalimu, mkulima na mpenda watu. Alikuwa hayo yote. Familia imeona yasiandikwe peke yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kisii na Eldoret, na hasa yule aliyeketi. Inawashukuru walimu waliofundisha naye, wasikilizaji wa redio waliotuma rambirambi, na Ramila, aliyefika asubuhi na kurasa mia mbili na sita za mlango, alizozitunza tangu duka lilipofungwa na tangu Bwana Bipin alipofariki, na akatuambia kwamba hakuwahi kuzihesabu kuwa ni matangazo. Inawashukuru wanawake waliopika tangu Alhamisi. Wazee wa kanisa wako hema la pili, wameomba leo wahesabiwe kuwa majirani, basi tunawashukuru kama majirani.

Yunuke, binti Ogeto, Mama Linda, pumziko lako na liwe la amani, na asiwepo tena mtu wa kukuita mbele wala wa kukuketisha nyuma.

Limebaki jambo moja, nalo mume wa marehemu ameomba lisomwe mbele ya wote, ili asiulizwe mtu mwingine. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 12 Juni, saa moja, kabla ya kumpigia ndugu yeyote simu, alitembea hadi kanisani, akafungua kabati kwa ufunguo aliokaa nao miaka thelathini na saba, akafungua orodha ya washiriki na kulikata jina lake mwenyewe kwa mstari wa rula, kisha akafungua kitabu cha mwaka 1994 kwenye azimio namba saba, akasahihisha mwaka wa ile filamu kuwa 1974, na chini ya mistari yake minane, ambayo hakuifuta, akaandika: "Nimelitazama tena. Sifuri juu ya kumi. Mwandiko nao haustahili kitu." Kisha akaweka tarehe.