Mtoto Niliyemlisha kwa Hofu

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wenzangu wa usharika, amani iwe nanyi. Sijazoea kusimama mbele ya watu, mnivumilie.

Wengi mnanijua kwa duka langu pale Sakina. Wachache mnajua kwamba kabla ya binti yangu nilizika mtoto wa kiume. Aliharisha, akakonda, mpaka nikimbeba naona nimebeba kanga tupu. Ndugu zangu, nawaambia, mtoto akikufia akiwa mwepesi hivyo, mikono haisahau.

Binti alipozaliwa niliapa hatakonda. Uji niliutia siagi na sukari. Akilia, biskuti. Akinyamaza, juisi. Nje ni barabara ya malori, basi nikamweka dukani na katuni za simu kutwa nzima. Wateja wakasema, "Mtoto ana afya huyo, hongera!" Mimi nikashiba maneno yao. Ni mama mkwe wangu tu, anayeishi kule juu mlimani, aliyesema, "Mwanangu, huyu mtoto mbona hachezi?" Nikamnunia miezi.

Akiwa na miaka minne, mwalimu wa chekechea akaniita. Wenzake walikuwa wanakimbizana, yeye akaanguka, akashindwa kuinuka. Nilimkuta vumbini anahema, watoto wanamvuta mikono huku wanacheka. Mnajua nilifanya nini? Nilifungua mkoba nikampa biskuti.

Mwalimu akanihimiza twende kliniki. Muuguzi alimpima, akaandika kwenye kadi, akasema uzito umezidi sana. Nikaanza kujitetea: "Huyu lazima ale, dada. Kaka yake alikufa amekonda."

Akaweka kalamu chini. "Pole sana, mama. Lakini unamlisha huyu, au unamlisha yule?"

Nililia mbele ya foleni nzima. Ni kweli. Kijiko nilikuwa nakipeleka kwa mtoto aliye kaburini, kikawa kinaingia kinywani mwa aliye hai.

Haikuwa rahisi. Kila binti alipolilia biskuti, nilimsikia kaka yake. Mwisho nikapanda mlimani, nikamwambia mama mkwe, "Mama, nisamehe. Nisaidie." Hakunisimanga. Alikaa na mjukuu wake likizo nzima, wakichuma mboga, wakifukuza kuku, wakila ndizi na maharage.

Sasa binti anakimbia. Uso umepungua, na hapo ndipo penye kazi yangu, maana anafanana na kaka yake. Siku nyingine akisimama mlangoni, mkono unaenda wenyewe kwenye kopo la biskuti. Naurudisha. Bado naurudisha, jamani.

Namshukuru Mungu, namshukuru mwalimu ambaye hakuona haya kuniita, yule muuguzi, na mama yangu wa mlimani. Ninyi nawaomba jambo moja. Mkimwona mama ana mtoto mnene kupita kiasi, msimcheke, wala msimpe hongera. Kaeni naye, mumuulize anaogopa nini.