Aliyenimiminia Yerba Jumapili

Sogeeni, wanangu, Rubén na wewe Nibia, na Romina mjukuu wangu asimame nimwone, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kupigia kelele. Nibia, acha kulia. Ukimaliza machozi leo, kesho utanizika na nini?

Jumapili nilipoanguka mezani mlisema ni moyo, na daktari naye akasema ni moyo. Si moyo. Rubén, hapa Montevideo mwenye nyumba ndiye anayemimina yerba, chai yetu chungu ya kufyonza kwa mrija kibuyuni, mgeni hakabidhiwi chupa ya maji moto. Wewe kwa kujipendekeza kwa wakwe ukampa mzee Anselmo, babu yake mchumba wa Romina. Akafyonza kibuyu cha kwanza, akatema pembeni, akagonga mrija mara mbili, akajaza tena na kunipa. "Kunywa, mkwe," akasema, "dunia haina haraka."

Tangu hapo damu yangu imesimama. Mnajua wanajeshi walinifunga kwa ajili ya chama chetu cha wafanyakazi wa kiwanda cha nyama. Msilolijua ni kwamba kule kambini kwao, nimevikwa gunia kichwani, sikuona uso wa mtu, masikio ndiyo yaliyokuwa macho yangu. Nilisikia kutema, nikasikia mrija ukigongwa, kisha sauti hiyo hiyo ikimwambia Zulma, mwenzangu wa pingu moja: "Kunywa, binti, dunia haina haraka." Wakamtoa. Hakurudi, na mama yake alikufa bila kupata hata mfupa wa kuzika. Mimi nikatoka, nikabeba matofali na wenzangu wa ushirika mpaka nyumba hii ikasimama, nikidhani mlango ule nimeufunga; kumbe nilikuwa namtengenezea kiti. Milima haikutani, wanangu, binadamu hukutana, tena mezani.

Basi sikilizeni. Nyumba ni ya Romina. Mjukuu wangu, olewa na kijana wako, mtu hachagui babu. Lakini mzee yule asikanyage harusini, wala asiguse jeneza langu, mpaka aseme Zulma yuko wapi. Msimpige, msimtukane. Mketisheni, mmuulize, halafu mnyamaze. Akianza kuangalia saa, mwambieni dunia haina haraka.

Ubavuni mwangu kaburini... acheni nafasi ya Zulma.

Inameni. Mkono huu umebeba matofali, uwabariki... mzae, mcheke, msimwogope mtu.

Koo limekauka. Rubén... safari hii mimina wewe.